Natembea Mikono Mitupu

Chumba cha tatu, uani,
Nyuma ya ghala la nafaka.
Jumapili, 22 Juni.
Leo ni miaka sita, miezi minne na siku tatu tangu niondoke nyumbani.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Macho yako yanaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema la kushoto linatoa machozi hata bila kitunguu. Kama bado linasumbua, mpe mwanao mkubwa akusomee, lakini umwambie asome polepole, na asimsomee babu yake kabla wewe hujasikia yote. Sababu utaijua mbele.

Na baba je? Kikohozi kimepungua? Bado anaijibu redio kama mtu aliyeketi naye chumbani? Nikimkumbuka akigombana na yule msoma habari huwa nacheka peke yangu hadi jirani anagonga ukuta.

Mimi sijambo kiasi. Najua hilo neno "kiasi" litakushtua, maana kwenye simu huwa nakwambia sijambo kabisa, nina nguvu kama trekta. Ndiyo sababu nimeamua kuandika. Kwenye simu nadanganya vizuri mno, dada. Ukiniuliza tu, mdomo unajibu kabla sijafikiri. Kalamu haina haraka hiyo, hasa kwa mtu aliyeishia darasa la tano.

Nataka kuja nyumbani. Lakini kuna jambo nililowadanganya kuhusu mazishi ya mama, na siwezi kuvuka kizingiti cha baba kabla hamjalijua. Ukishalijua, wewe na baba mtaamua kama mnanitaka. Hii ni barua ya tano, nne nimezichana. Nivumilie nianze na mgongo, kwa sababu yote yalianzia hapo.

Mgongo wangu ni mbovu. Si uchovu wa kazi, ni mbovu. Huu ni mwaka wa tatu. Siku ya mvua nilikuwa napandisha gunia la mahindi kwenye lori, ubao ukateleza. Mtu mwenye akili angeliachia gunia lianguke. Lakini sisi makuli tuna ujinga wetu: kuli akiangusha gunia atachekwa mwezi mzima. Mimi walikuwa wananiita Winchi, na winchi haiangushi. Basi nikalishika, mwili ukapinda huku, gunia huku, nikasikia kitu kinalia kiunoni kama kijiti kikavu. Nikalifikisha juu ya lori. Walinishangilia. Usiku ule sikuweza kuvua viatu.

Tangu hapo maumivu hayajaondoka. Kuna siku yamelala, kuna siku yanashuka mguu wa kushoto mpaka kwenye vidole kama waya wa moto. Nilijifunga kipande cha gunia kiunoni chini ya shati, nikajikaza kisabuni mwaka mzima. Mwishowe wenzangu waligundua. Yule mwenye maneno zaidi akapiga kelele mbele ya madereva, "Jamani, winchi imekatika kamba!" Nilicheka pamoja nao. Ungeniona nilivyocheka.

Nyapara wetu hakunifukuza. Alinihamishia kushona midomo ya magunia kwa shazia, ile sindano kubwa. Nakaa kwenye gogo na akina mama sita, nashona. Mkubwa wao tunamwita Mama Shazia, ana mdomo mkali kuliko sindano yake. Siku ya kwanza alinitazama nikihangaika kutunga uzi, akasema, "Karibu shangazi." Jina hilo limenikaa mpaka leo.

Kwa hiyo, dada, ile picha niliyowatumia mwaka juzi, ambayo baba ameibandika juu ya kitanda, ile nimebeba gunia begani natabasamu, gunia lile lilijazwa magunia matupu. Mtoto wa miaka sita angelibeba. Hata hivyo baada ya kupigwa picha ilibidi nikae chini. Naandika haya huku uso unaniwaka moto.

Sasa mazishi.

Uliponipigia asubuhi ile ya Novemba kuniambia mama ametutoka, nilikuwa na shazia mkononi. Nilimwendea nyapara hata kabla hujamaliza kulia. Hakuniuliza lolote. Alisema, "Nenda kamzike mama yako, haya magunia hayaozi." Kisha akaona ninavyokwenda, kwa sababu ilikuwa wiki mbaya, akaacha kazi yake akanishika kwapa mpaka kituo cha mabasi. Alininunulia maji. Akaniambia nikifika nimpe baba pole zake.

Umesikia, dada? Nyapara alinipa ruhusa. Yule mtu mnayemlaani tangu Novemba ndiye aliyenishika kwapa.

Aliondoka, nikabaki na mlango wa basi. Lina ngazi tatu. Nikashika chuma, nikauambia mguu wa kushoto panda, haukupanda. Nikajaribu tena. Nyuma yangu watu wakaanza kusukumana, na mama mmoja mwenye mizigo akasema, "Jamani mpisheni mzee, mtamwangusha!" Nikageuka kumtafuta huyo mzee. Nina miaka arobaini na moja.

Kondakta akashuka, kijana mzuri tu, akasema, "Kaka, tukubebe? Utakaa kiti cha mbele, utanyoosha mguu." Abiria mwingine akaja kunishika upande wa pili. Mikono yao ilikuwa tayari mwilini mwangu. Ningesema ndiyo, ningekuwa ndani. Ningefika siku ya tatu, ningemwona mama.

Lakini nilijiona nikishushwa kama furushi mbele ya watu wote waliokuja msibani. Nikajiona nimesimama pembeni huku shemeji na majirani wakibeba jeneza, mimi niliyekula kwa mabega yangu miaka yote, mimi wa kwenye picha. Mtu amebeba mahindi ya watu asiowajua, halafu mama yake hawezi kumbeba. Nikaona watu wakiulizana. Nikawaambia wale vijana, "Asanteni, nangoja basi la pili." Hakukuwa na basi la pili.

Kwa hiyo si mguu ulionizuia. Mguu ulikuwa na watu wawili wa kuusaidia. Ni aibu. Nilichagua kutoonekana nimepinda kuliko kumzika mama yetu. Hapa ndipo nilipokuwa nachana zile barua.

Uliponipigia tena kuniuliza nimefika wapi, nikasema nyapara amekataa. Sikuwa nimelipanga neno hilo, dada, lilitoka tu. Ukalia, ukasema Mungu atamwona. Baba akachukua simu akasema maneno ambayo sikuwahi kumsikia akimwambia hata mwizi. Nami nikanyamaza. Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi kilio kilipokuja nilikitumia kujifichia.

Kesho yake nyapara alinikuta nimekaa kwenye gogo. Akauliza, "Mbona uko hapa?" Nikasema, "Sikwenda." Akatazama mguu, akasema, "Basi sogea kivulini." Hajaniuliza tena. Lakini kila mwezi huniambia, "Wazee nyumbani hawajambo?" nami humjibu, "Hawajambo, wanakusalimu." Hufurahi, husema nami niwasalimie. Salamu zake zimekaa kwangu miezi saba. Leo nimezifikisha. Na zile pole zake kwa baba pia, ingawa zimechelewa.

Baada ya hapo nilikaa vibaya sana. Natoka gogoni naenda kitandani, natoka kitandani naenda gogoni. Niliona kwamba mwili usiotumika hauumii. Kumbe ulizidi kukakamaa mpaka nikawa nashindwa kujisugua mgongo. Ni Mama Shazia aliyenitoa. Mwezi wa kwanza alinitazama asubuhi nzima, akasema mbele ya wote, "Wewe shangazi unakaa kama kuku anayeogopa kuvunja yai. Nenda zahanati, au nitakupeleka kwenye toroli watu wakuone." Alijua pa kunichoma. Nikaenda mwenyewe.

Pale zahanati kuna mtaalamu wa viungo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Alinipimapima, akanikunja, akaninyoosha, akauliza, "Unatembea?"

Nikamwambia, "Mama, miaka yote hii kazi yangu ni kutembea."

"Hapana. Kazi yako ilikuwa kubeba. Nauliza unatembea?"

Akaniambia wazi kwamba mgongo huu hautarudi kuwa ule wa zamani, na anayeniahidi hivyo anataka kunichezea. Lakini mwili unaweza kufundishwa kwenda na maumivu bila kuyaogopa. Nitembee dakika tano asubuhi na dakika tano jioni. Siku nzuri dakika tano. Siku mbaya dakika tano, hata kama ni za kobe. Nilikwenda kutafuta sindano, dada, nikapewa barabara. Nilirudi nimenuna.

Tatizo la kwanza nitakalokuambia litakuchekesha, nami nakuruhusu ucheke. Sijui kutembea bure. Tangu nitoke shuleni sijawahi kwenda mahali bila kubeba kitu au kutumwa kitu. Kutoka nje mikono mitupu, mtu mzima, saa za kazi, niende mpaka kwenye nguzo ya umeme halafu nigeuke nirudi? Watu wataniona nimechanganyikiwa. Basi nikawa nachukua gunia tupu, nalikunja naliweka kwapani, ili nionekane nimetumwa.

Kwenye barabara ile kuna fundi viatu, anakaa chini ya mwavuli uliochanika. Siku ya kwanza akauliza, "Unapeleka wapi, mzee?" Nikasema, "Ghala la pili." Hakuna ghala la pili. Nikafika kwenye nguzo, nikageuka, nikapita tena mbele yake na gunia langu. Jioni vilevile. Kesho vilevile. Siku ya sita akaacha kushona, akanitazama kwa huruma kabisa, akasema, "Kaka, hilo gunia hawalitaki huko? Kila siku wanalikataa?"

Nikasema hesabu zao haziendi sawa. Ona nilivyo. Hata fundi viatu nimemdanganya.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na hilo angelifanya kuli tu. Sisi hulipwa kwa kipande: lori hili ni lenu, mkilimaliza mapema mkapumzike. Kwa hiyo akili yetu ni kukimbiza kazi iishe. Jumapili moja niliamka mgongo umelala, nikasikia mwili mwepesi. Nikapiga hesabu. Kumi kwa siku, mara saba, sabini. Nikasema ngoja nimalize kipande cha wiki nzima leo, halafu nipumzike mpaka Jumapili ijayo. Nikatembea dakika sabini, dada. Nilivuka nguzo, nikavuka soko, nikavuka mpaka daraja. Nilirudi najipongeza.

Siku nne sikuinuka. Kwenda msalani nilitambaa, na si kwa mfano, nilitambaa kwa magoti uani mchana kweupe huku wapangaji wakijifanya wanatazama nguo zao kwenye kamba. Mama Shazia aliniletea uji na maneno, maneno yalikuwa mengi kuliko uji.

Nilipomweleza yule mtaalamu, kwanza alifunika uso kwa mikono. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Halafu akakasirika. "Nani amekwambia kutembea kunalipwa kwa kipande? Huku hakuna kumaliza. Ukiwa na miaka themanini bado utakuwa na dakika zako za asubuhi." Nilivunjika moyo kwelikweli. Kazi isiyoisha sikuwahi kuifanya. Lakini nikaanza tena, dakika tatu safari hii. Chini ya pale nilipoanzia.

Ndipo nikaliacha gunia. Sikuwa jasiri, nilikuwa nimechoka tu kulibeba. Hata gunia tupu lina uzito wake ukiwa na mgongo kama wangu. Nilipita kwa fundi viatu mikono ikining'inia, sijui niiweke wapi, nikaiweka mfukoni, nikaitoa. Akaniuliza gunia liko wapi. Nikasimama nikamwambia, "Hakukuwa na ghala la pili. Mimi ni mgonjwa wa mgongo, nimeambiwa nitembee. Naona haya kutembea bure."

Nilingoja anicheke. Akafikiri, akaniambia, "Mimi goti hili halijakunjuka tangu mwaka wa mafuriko. Basi ukifika kwenye nguzo nipigie na mimi hatua kumi." Akaendelea kushona kiatu chake. Dada, ilikuwa rahisi hivyo. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani, nikasema kama nimeweza kumwambia fundi viatu, kwa nini ndugu zangu nimewafanya maadui wa mtu mwema?

Sitaki nikuletee hadithi ya mtu aliyepona. Sijapona. Wiki iliyopita siku mbili nilikwenda na fimbo. Jana nilisimama katikati ya njia nikajifanya nasoma bango la rangi za nyumba mpaka mguu ukapoa, nalijua bango hilo kwa moyo. Lakini leo natembea dakika ishirini na mbili asubuhi na ishirini na mbili jioni, na sijaruka siku tangu mwezi wa tatu. Naweza kufunga kamba za viatu. Na juzi nilikwenda kituo cha mabasi, nikaomba dereva anikubalie, nikapanda zile ngazi tatu nikashuka. Nilishika chuma kwa mikono miwili, nikapanda kama mtoto, mguu mmoja kisha wa pili kwenye ngazi ileile. Dereva akauliza nakwenda wapi. Nikasema bado.

Nimepiga hesabu ya njia yetu. Kutoka barabara kuu mpaka nyumbani, kwa mwendo wangu wa sasa, ni karibu saa nzima. Kutoka nyumbani mpaka alipolazwa mama ni nusu yake, na kuna kile kilima. Nilikuwa nimepanga kungoja. Nilijiambia nitaongeza dakika mbili kila wiki, nikifika saa nzima bila fimbo, nikisimama wima, ndipo nitakuja, na huenda sitahitaji kuwaambia lolote. Nilimweleza Mama Shazia mpango huo. Akakata uzi kwa meno, akasema, "Na mgongo usiponyooka, mama yako atangoja mpaka lini?" Nikaona kwamba ni lile basi la pili tena.

Sikuombi unisamehe kwenye simu. Nakuomba tu umwambie baba kwa mdomo wako, ukiwa umekaa naye, redio imezimwa. Mwambie nyapara hakukataa. Akitaka kunisema, aniwekee maneno nikija, nitayasikiliza yote nikiwa nimesimama kama nitaweza, nimekaa kama sitaweza. Akisema hataki kuniona, niandikie hivyo bila kupunguza. Nitalala kwa jirani, nitakwenda kwa mama, kisha nitarudi. Lakini kuja nitakuja.

Nisalimie shemeji, mwambie asante kwa kushika nafasi yangu kwenye jeneza, sikuwahi kumshukuru. Nisalimie wajomba zangu wale wadogo, wanao wote watatu, hasa kitindamimba anayetaka kuwa na nguvu kama mjomba wake. Mwambie mjomba anashona magunia, na mshono wake haufumuki. Nisalimie shangazi mkubwa na yule jirani fundi cherehani aliyekaa na mama usiku wa mwisho. Mungu awape usingizi mzuri, ayafute macho yako, na ampe baba pumzi ya kunigombeza.

Nyapara amenipa likizo ya wiki tatu. Basi linaondoka Alhamisi tarehe 14 Agosti. Kila litakaposimama nitashuka nitembee dakika zangu, mtaalamu amenifundisha. Jumamosi tarehe 16, mchana, litanishusha barabara kuu. Mje mnipokee au msije, yote ni haki yenu, ila mkija msiniletee pikipiki. Nitatembea, nitapumzika njiani mara tatu au nne, nanyi mtaniona nikipumzika. Kama siku hiyo mguu utakuwa umekataa kabisa, basi nitawaomba mnibebe. Safari hii nitakubali.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukuonea haya,

Winchi